Kula na mtoto kwenye mgahawa wa Kikuba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali wanayoniuliza wazazi wenzangu wa Kiswahili hapa Florida, hasa wale ndio kwanza wamefika Tampa au Miami, wanaona migahawa ya Kikuba kila kona na hawajui waingie na mtoto au wapite. Mimi nawaambia ingieni. Na msimamo wangu niuseme mapema: agiza sahani kubwa moja mle pamoja na mtoto, usimwagizie chakula chake cha pembeni. Kwa nini nasema hivyo utaona huko chini.

## Kabla hamjatoka nyumbani

Chakula cha Kikuba kikoje, na mtoto aliyezoea chakula cha kwetu atakula?

Atakula, tena vizuri. Meza ya kawaida ya Kikuba ni wali mweupe, maharage meusi, ndizi mzuzu, muhogo, halafu nyama au kuku au samaki, sasa niambie hapo kigeni ni kipi. Nyama inaungwa na vitunguu, pilipili hoho, kitunguu saumu, nyanya na bizari nyembamba, yaani ile harufu ya pilau unaikuta mlangoni kabla hujakaa. Muhogo unachemshwa ukamwagiwa mojo, ambayo ni kitunguu saumu kwenye mafuta ya moto na maji ya danzi, na kama umekulia pwani danzi unalijua. Kuna malanga (ndugu yake magimbi), kuna boga, kuna kiazi kitamu cheupe wanachokiita boniato, na bamia pia zipo.

Mengi ya hayo yana mkono wa Waafrika waliopelekwa Kuba utumwani kwenye mashamba ya miwa. Ndizi za kupondwa mpaka leo wanaziita fufú. Upande wa Uhispania ndio umeleta zeituni, zabibu kavu kwenye nyama ya kusaga, na flan, yaani kastadi ya karameli. Mtoto hahitaji historia yote hiyo ili ale, lakini akiwa mkubwa kidogo mwambie, anapenda kujua kwa nini chakula cha watu wa mbali kinafanana na cha bibi yake.

Kina pilipili kali?

Hapana. Watu wanachanganya Kuba na Meksiko. Chakula cha Kikuba kina chumvi, ukali wa ndimu na kitunguu saumu kingi, pilipili kali ni nadra sana. Ukitaka pilipili unaomba, wanakuletea chupa.

Twende wapi?

Ukiwa Tampa, anza na Ybor City. Huo mtaa ulijengwa na viwanda vya sigara vya Vicente Martínez Ybor kuanzia miaka ya 1880, Wakuba, Wahispania na Waitalia wakaja kufanya kazi, kwa hiyo Wakuba wa Tampa ni wa zamani kuliko wa Miami. Columbia Restaurant iko pale tangu 1905. Saladi yao maarufu inachanganywa mezani mbele yenu na watoto wanakodoa macho mpaka mwisho, ila jueni ina hamu, yaani nyama ya nguruwe, kwa hiyo soma kwanza sehemu ya nguruwe hapo chini.

Ukiwa Miami, mtaa ni Calle Ocho. Wakuba wengi walifika huko baada ya mapinduzi ya 1959. Mgahawa wa Versailles ulifunguliwa 1971, ni mkubwa, una makelele, vioo kila ukuta, na kwa mtu mwenye mtoto makelele ni neema, maana hakuna atakayegeuka akilia. Mkimaliza mnaweza kwenda kutazama wazee wanacheza dhumna kwenye bustani ya Máximo Gómez, kona ya barabara ya 15.

Lakini sio lazima majina makubwa. Vile vimgahawa vidogo vyenye kaunta na dirisha la kahawa, ambavyo kila siku vina mapishi maalumu ya siku hiyo, mara nyingi ndio vinapika kama nyumbani na chakula kinakuja haraka. Kwa mtoto wa miaka miwili haraka ni muhimu kuliko mapambo.

Saa ngapi ni nzuri?

Mapema. Saa tano na nusu asubuhi kabla ya foleni ya mchana, au saa kumi na moja jioni. Jumapili mchana familia nzima nzima zinatoka kanisani, utasubiri.

## Kuagiza

Naruhusiwa kuagiza sahani moja tukala wawili?

Ndio, na hakuna atakayekushangaa. Sahani za Kikuba ni kubwa, nyama na wali na maharage na ndizi vyote pamoja, mtu mzima mmoja akimaliza peke yake ni kazi. Migahawa mingine inatoza hela kidogo ya sahani ya ziada, imeandikwa chini kabisa ya menyu kwa maandishi madogo, soma au uliza kabla. Sema tu unataka sahani tupu moja ya mtoto.

Kwa nini nisimnunulie tu menyu ya watoto?

Fungua hiyo menyu ya watoto uone: kuku wa kuvingirishwa kwenye unga na chipsi, makaroni na jizi, basi. Ni chakula kilekile anachokipata kila sehemu Marekani. Mmeendesha gari mpaka pale, mezani kuna maharage na wali na ndizi mzuzu, halafu mtoto ndio peke yake anakula chakula cha mtaa mwingine kabisa. Hilo linaniuma kweli, kwa sababu watoto wetu wa huku wanakulia kwenye sahani za kila mtu na yake, sinia hawalijui, na mgahawa wa Kikuba ni mojawapo ya sehemu chache ambapo unaweza kuweka sahani kubwa katikati ukamwambia kula hapa upande wako, hiki kipande cha nyama nakusogezea, na akakuelewa.

Halafu mtoto anaiga. Akikuona unachukua muhogo na yeye anachukua. Akiwa na chipsi zake mbele hana sababu ya kujaribu.

Kama mtoto wako ana shida maalumu ya chakula, kuna ladha au mguso hauvumilii kabisa, hilo ni jambo jingine, mwagizie anachokula bila kuona aibu.

Sahani ipi ni nzuri ya kula wawili?

Chaguo langu la kwanza ni ropa vieja. Ni nyama ya ng'ombe ya ubavuni iliyochemshwa mpaka ikaachana nyuzi nyuzi halafu ikaungwa na nyanya, vitunguu na hoho. Laini, ina mchuzi, inaingia kwenye wali yenyewe. Kwa mtoto mdogo zile nyuzi ni ndefu, zikate na uma na ubavu wa kijiko mara mbili tatu kabla hujampa, la sivyo atatafuna upande mmoja na upande mwingine unaning'inia.

Ya pili ni picadillo, nyama ya kusaga yenye viazi vidogo, zeituni na zabibu kavu. Watoto wengi wanazichokoa zile zabibu kwanza, waache. Ya tatu arroz con pollo, wali wa njano uliopikwa na kuku na njegere, huu kwa mgeni kabisa ni salama maana unafanana na pilau ya kuku, ila mara nyingi una bia au divai ndani, angalia swali la pombe.

Samaki mzima wa kukaanga, pargo, ni mtamu sana na mkubwa anamchambulia mdogo kama tunavyofanya nyumbani, lakini miiba ni kazi yako wewe. Usimwagize siku umechoka.

Na kuna moja watu wanaipita: tortilla de plátano, mayai ya kukaanga na vipande vya ndizi mbivu ndani. Haimo kwenye kila menyu, lakini jikoni mayai yapo na ndizi zipo, ukiomba kwa upole mara nyingi wanatengeneza. Mtoto asiyekula nyama anashiba hapo.

Tostones, maduros, mariquitas, zote si ndizi tu?

Ni mzuzu uleule katika hali tatu. Tostones ni ndizi mbichi, zinakaangwa, zinagandamizwa zinakuwa bapa, zinarudishwa tena kwenye mafuta. Ngumu kwa nje, zinataka meno. Maduros ni mbivu mpaka ganda limekuwa jeusi, zikikaangwa sukari yake inashika kingo rangi ya kahawia, ndani laini kabisa, hata mtoto mwenye meno mawili anaziweza. Mariquitas ni krips nyembamba, kali kwa pembe, sio za chini ya miaka minne.

Mkiwa na mtoto mdogo chukueni maduros, na zipoe kwanza, sukari ya moto inaunguza ulimi vibaya.

Sijui Kihispania, itakuwaje?

Wahudumu karibu wote wanajua Kiingereza. Ila maneno machache yanafungua sura: *silla para niño* ni kiti cha mtoto, *un plato extra* sahani ya ziada, *sin cerdo* bila nguruwe, *para llevar* nifungashie. Watamwita mwanao *mi amor* au *mi vida*, ndio mazoea yao kwa kila mtu, hata wewe utaitwa hivyo.

## Nguruwe, pombe na halali

Ni kweli kila kitu kina nguruwe?

Sio kila kitu, lakini kitimoto kiko sehemu ambazo hukitegemei, na hapa ndipo wazazi Waislamu wengi wanakwama. Nguruwe wa kuonekana ni rahisi: lechón ni nguruwe wa kuoka, masas de puerco ni vipande vyake vya kukaanga, chicharrones ni ngozi yake ya kukaanga, jamón ni hamu, sandwichi inayoitwa cubano, na croquetas, vile vitonge vya kukaanga ambavyo mara nyingi ni vya hamu. Hao unawaruka.

Wa kujificha ndio wa kuuliza. Maharage meusi yanaweza kuwa yamechemshwa na mfupa wa nguruwe au mafuta yake, na mahali pengine yanapikwa bila nyama kabisa, kwa hiyo usikisie. Moros, ule wali uliopikwa pamoja na maharage ukawa na rangi ya kijivu, mara nyingi una vipande vya bekoni. Picadillo pengine ni ng'ombe mtupu, pengine imechanganywa. Na mafuta ya kukaangia: kama jikoni wana kikaangio kimoja, ndizi zako zimepita njia moja na croquetas.

Namna ya kuuliza: usiulize "chakula hiki kina nguruwe?" maana mhudumu anaangalia sahani anakujibu hapana, mama, ni ng'ombe. Uliza maharage yamechemshwa na nini na ndizi zinakaangwa mafuta gani. Mwambie ni sababu ya dini, ataenda kumuuliza mpishi.

Mkate je? Unaletwa bure mezani na mtoto ameshaushika.

Mkate wa Kikuba wa asili unatiwa mafuta ya nguruwe kwenye unga wakati wa kukanda, ndio yanayofanya ndani uwe laini hivyo. Siku hizi baadhi ya bekari wanatumia mafuta ya mboga, kwa hiyo uliza kabla kikapu hakijatua mezani. Kwa ambao hawana tatizo nao, ni mkate mzuri sana wa kumtuliza mtoto anayesubiri. Ule wa Tampa wanaulaza jani la mtende juu ya unga kabla ya kuoka ili upasuke mstari katikati, ukiuona ule mstari muoneshe mtoto.

Nyama yenyewe haijachinjwa kihalali, nifanye nini?

Hapo siwezi kumuamulia mtu, kuna wanaokula nyama ya Ahlul Kitab (Wakristo na Wayahudi) na kuna wasiokula, kila nyumba na msimamo wake. Asiyekula bado ana meza nzima: samaki, kamba, mayai, wali mweupe, muhogo wa mojo, ndizi, parachichi, na maharage kama yamepikwa bila nguruwe. Familia nyingi ninazozijua zinaenda na samaki moja kwa moja na hakuna anayetoka na njaa.

Pombe kwenye mchuzi ipo?

Ipo. Wanatumia divai kavu ya kupikia, vino seco, kwenye ropa vieja, picadillo, arroz con pollo na hata maharage. Usiamini yule anayekwambia pombe yote inaruka ikichemka, haiishi yote. Kama ni muhimu kwako uliza, na kama hawana uhakika rudi kwenye orodha ya swali lililopita, isipokuwa maharage yaache, na kamba waombe wa kuchoma na kitunguu saumu sio wa mchuzi.

## Watoto wadogo sana

Mtoto wangu hajafika mwaka, ale nini pale?

Malanga ya kupondwa. Wakuba wenyewe hiyo ndiyo wanayowaanzishia watoto wao chakula, na mgonjwa pia anapewa hiyo hiyo. Omba kabla haijatiwa chumvi. Parachichi bivu linapondwa na kijiko. Maduros kidogo. Supu ya kuku ina chumvi ya watu wazima, muokotee boga na kuku laini umuachie mchuzi. Maharage ya mgahawani pia chumvi imezidi kwa umri huo. Juisi asipewe kabisa kabla ya mwaka mmoja, ndivyo madaktari wa watoto wa Marekani wanavyoshauri.

Kuna vitu vya kumkaba?

Vipo. Zeituni, hata zisizo na kokwa, zikate vipande. Miiba ya samaki. Jani kavu la kunukia kwenye maharage, hilo litoe kabisa. Na muhogo: katikati una ule uzi mgumu kama kijiti, wapishi wengi wanautoa lakini sio wote, kwa hiyo pasua kipande kwa vidole kwa urefu, uvute uzi, ndio umpe. Mimi nafanya hivyo hata kwa mtoto wa miaka mitano.

Ana aleji, nichunge nini?

Maziwa yako kwenye croquetas, flan, tres leches (keki ya maziwa) na batido zote, yaani vinywaji vya tunda lililosagwa na maziwa. Ngano iko kwenye croquetas na kila kilichovingirishwa unga. Mayai kwenye vitamu karibu vyote. Karanga sio nyingi kwenye mapishi ya Kikuba ya kila siku. Hatari kubwa kwa mwenye aleji ya samaki au kamba ni kikaangio kimoja, ndizi zinatoka mlemle. Mwenye aleji kali msimlishe kitu cha kukaanga mpaka jikoni wathibitishe, na sindano yake iwe mkononi sio kwenye gari.

Anywe nini? Nimeona wanawapa watoto kahawa.

Ni kweli, kwa Wakuba mtoto kupewa maziwa ya moto yenye matone ya kahawa na kipande cha mkate wa siagi ni jambo la kawaida asubuhi. Mimi simpi, ile kahawa ni kali sana na sukari yake imepigwa na matone ya kwanza ya kahawa mpaka ikawa povu. Colada, yaani hiyo kahawa kali ya kugawana, inakuja kikombe kimoja na vikombe vidogo vidogo vya plastiki vya kugawana, weka mbali na mkono wa mtoto, anadhani ni vya kuchezea.

Batido ya embe au ya tunda la mamey inatosha watu wawili, omba bila sukari maana tunda lenyewe tamu. Malta ni kinywaji cha shayiri kisicho na kilevi, kizito, kitamu, nusu chupa imtosha. Guarapo ni maji ya miwa, watoto wanapenda kutazama mashine ikikamua, lakini ni sukari tupu, gawaneni glasi moja.

## Mezani

Tunaweza kula kwa mkono?

Tostones, muhogo na mkate kila mtu anakula kwa mkono. Wali watu wanatumia uma, lakini mtoto akila wali kwa mkono hakuna wa kumkemea. Nawe mzazi usimkemee, kama nyumbani mnakula kwa mkono usimfundishe mbele za watu kuwa ni aibu.

Maharage meusi yanaacha doa la zambarau. Siku hiyo nguo nyeupe iacheni nyumbani, na mwageni maharage juu ya wali kidogo kidogo, sio bakuli zima.

Amegoma kula kabisa.

Mpe wali mweupe na ndizi, msiongee tena habari ya chakula, wewe endelea kula kwa raha zako. Usimlazimishe tonge. Mara nyingi ukigeuka kuongea na mtu mwingine mkono wake unaingia kwenye sahani yako. Asipokula siku hiyo, chakula kinafungashwa, tazama chini.

Mwanangu mkubwa anataka sandwichi, hataki kushea.

Cubano ni hamu, nguruwe wa kuoka, jizi, achari ya matango na haradali, na Tampa wanaongeza salami kwa sababu ya wale Waitalia wa Ybor. Medianoche ni hivyohivyo kwenye mkate mtamu. Kwa asiyekula nguruwe ipo pan con bistec, nyama nyembamba ya ng'ombe na vitunguu, ila kumbuka swali la mkate. Mwambie ikatwe mbili, nusu iende katikati ya meza.

## Bili na mabaki

Tipu ngapi?

18 hadi 20 kwa mia. Lakini Miami angalia bili kwanza, migahawa mingi inakuwa imeshaiweka humo, imeandikwa *gratuity* au *service charge*, pengine *propina* au *servicio*, ukiongeza tena umelipa mara mbili. Kama mmeshea sahani moja na mtoto amemwaga wali chini, mimi naongeza kidogo na naokota yale makubwa makubwa.

Chakula kilichobaki?

Omba boksi. Maharage yafungashwe peke yake, wali peke yake. Ropa vieja kesho yake ni tamu zaidi. Tostones zilizolala usizipashe kwenye maikrowevu zinakuwa kama soli ya kiatu, zirudishe kwenye mafuta kidogo.

## Maswali ya pembeni

Tukienda Kuba kwenyewe, itakuwa hivi hivi?

Hapana, na mjiandae. Migahawa ya watu binafsi, paladares, iliruhusiwa rasmi 1993, mwanzoni viti visizidi 12, siku hizi ipo mikubwa na mizuri Havana. Lakini nchi ina uhaba mkubwa. Nyama ya ng'ombe ni adimu kwa mwananchi wa kawaida, ropa vieja wakati mwingine utaletewa ya kondoo. Maziwa ya mgao kwa muda mrefu yamekuwa ya watoto mpaka miaka 7, kwa hiyo mwenye mtoto mchanga abebe maziwa yake ya kopo ya kutosha safari nzima, msitegemee duka. Umeme unakatika. Menyu inaweza kuwa na vitu ishirini na jikoni viwepo vitatu, muulize mhudumu kipo nini leo halafu mtoto achague hapo, kuliko kumuahidi kitu halafu kikakosekana.

Tarehe 24 Desemba tunaweza kwenda?

Usiku huo ni Nochebuena, familia za Kikuba zinakula nguruwe wa kuoka nyumbani kwao. Migahawa mingi inafunga mapema au inashughulikia oda za kubeba tu, na foleni ya kuchukua nguruwe inazunguka jengo. Pigeni simu kabla. Tarehe 26 mambo yanakuwa yametulia.